Biskuti za Kuokwa Mara Mbili

Jumatatu, 3 Juni
Roho juu! Tajiri ametangaza kwamba Ijumaa atateua msimamizi wa tanuri. Tuko wawili: mimi, miaka tisa katika kiwanda hiki cha mikate, na Mama Krimu, mpamba keki aliyekuja juzijuzi. Shida ni kwamba nilishamwambia mama mkwe cheo ni changu. Tangu mwezi uliopita. Na Ijumaa anakuja kujionea!

Jumanne, 4 Juni
Nimepata! Kwenye kamusi ya Kiingereza ya binti yangu. Biskuti: neno la Kilatini, likapitia Kifaransa, maana yake kilichopikwa mara mbili. Na sisi miaka yote tunaoka mara moja! Wamarekani, eti, huita hivyo kimkate laini. Hapo nimeruka, sikusoma zaidi.

Jumatano, 5 Juni
Nimemdokezea tajiri kwamba ninayo siri ya Warumi wa kale. Akauliza kama nimeosha trei. Mama Krimu akasema biskuti zetu hazina kasoro, kasoro ni mwokaji. Ataona!

Alhamisi, 6 Juni
Mama Krimu alipokwenda kula, nikarudisha trei kumi na mbili tanurini. Jasho hadi kwenye soksi. Zimetoka na rangi ya matofali. Nimeuma moja. Jino limegoma. Nadhani ndivyo Warumi walivyozipenda.

Ijumaa, 7 Juni
Balaa! Tajiri kamkaribisha mama mkwe chai na biskuti. Nilitaka kumwambia achovye kwanza, lakini alishauma. Kraa! Meno ya bandia, vipande viwili. Nikaeleza Kilatini. Tajiri akasema, taratibu kabisa, kwamba kuanzia leo kazi yangu ni kuosha trei. Mama Krimu akazisaga biskuti zote, akazitandika chini ya keki, keki zote zikanunuliwa kabla ya adhuhuri. Tanuri kapewa yeye. Mama mkwe, mkono mdomoni, akauliza msimamizi ni yupi. Wote wakamwonyesha Mama Krimu. Nimeaibika mpaka masikio yanawaka.

Jumamosi, 8 Juni
Mama mkwe anakunywa uji tu. Mke wangu hanisemeshi. Nimejihoji kwa kina, nikaliona kosa: nilisoma kamusi nusu. Wamarekani! Kimkate laini, hata asiye na meno anakula! Mwosha trei hufungua kiwanda saa kumi na mbili, Mama Krimu hafiki kabla ya saa mbili. Trei ishirini zitatosha.
Nimeshamwambia mama mkwe kwamba Jumatatu cheo kinarudi.