Jina la Kicheche

Jumanne, 4 Machi
Kuku mwingine kaliwa! Manyoya matupu bandani. Kicheche tena. Na maonyesho ya kuku ni Jumapili! Basilisa, jirani yangu na mama wa ubatizo wa binti yangu, kachungulia juu ya ukuta, kanipa pole huku anacheka. Jogoo wake mzima, mnono. Mwaka huu hanishindi. Naapa!

Jumatano, 5 Machi
Nimekwenda kwa don Leoncio, mwenye duka la dawa, kutafuta sumu. Kanipa somo. Eti jina la kicheche kwa Kihispania chetu, comadreja, limetokana na comadre, yaani mama wa ubatizo wa mwanao. Comadre mdogo! Wazee walimwogopa, wakamwita kwa jina la undugu ili aone haya kula kuku wao. Sumu ya nini tena? Nitamsifu.

Alhamisi, 6 Machi
Jioni nilisimama bandani nikapaza sauti: "Comadre wangu! Mrembo! Kiuno chembamba, meno lulu!" Mbwa wa Basilisa akaruka ukuta, akalala mlangoni pa banda. Nikaishia hapo.

Ijumaa, 7 Machi
Hakuna kuku aliyeliwa! Mimi ni bingwa! Ila Basilisa kaja na keki ya jibini, midomo kaipaka rangi. Kakaa bandani hadi jua likazama, mbwa wake miguuni. Kasema tangu mumewe afariki hakuna aliyemwita mrembo. Sikuelewa. Nikala keki.

Jumamosi, 8 Machi
Nimeelewa. Nilikuwa namsifu kicheche, nimefika pale pa kumwomba ahamie kwa jogoo wa jirani. Jirani yuko nyuma yangu! "Eutimio! Kumbe kiuno chembamba ni cha mdudu huyo? Lete sahani yangu ya keki, we mzee usiye na haya!" Kaondoka na mbwa. Jioni ilikuwa imepooza. Nilimkumbuka. Mbwa, namaanisha.

Jumapili, 9 Machi
Kicheche karudi. Banda tupu! Jogoo wa Basilisa kashinda. Mimi nimepeleka yai. Binti yangu anasema ni mbwa aliyekuwa akimtisha kicheche, si sifa zangu, na niende nikaombe radhi. Masikini, hajui mambo ya lugha. Tena nina kazi: nguruwe mwitu kafukua viazi vyangu. Don Leoncio anasema jina lake, jabalí, ni la Kiarabu: wa jabali, wa mlimani. Kumbe kapotea njia tu! Kesho namwandikia kibao: MLIMANI NI HUKU.