Neema Aliingia kwa Miguu Yake

Jumatatu, 4 Agosti

Leo gereji nimewafundisha wateja kwamba tairi za kwanza za magari zilikuwa nyeupe. Mpira kwa asili si mweusi. Weusi ni masizi yaliyochanganywa baadaye ili tairi idumu. Hakuna aliyenishukuru. Mmoja akauliza kama kwa elimu hiyo nitamzibia pancha bure. Hapa Kitale maarifa hayana soko. Mimi simu yangu ndiyo chuo changu, nasoma kila kazi inapopoa.

Habari kubwa ni hii. Mzee Barasa wa Bungoma, baba yake Fridah wangu, amepiga simu. Mahari itapokelewa Jumamosi. Ng'ombe wangu Faida awe ameingia bomani kabla ya chakula cha mchana. Siku hiyo hiyo Ian, karani anayemchumbia Ivy, mdogo wake Fridah, analeta ng'ombe wake. Kwa desturi mkubwa hutangulia. Lakini mzee amesema nikichelewa tena kama Aprili atapokea wa Ian kwanza, na Fridah abaki akitazama mdogo wake akimpita. Fridah akachukua simu. Akasema nikichelewa nisimpigie tena.

Nampenda Fridah. Ian hatanitangulia. Basi.

Jumatano, 6 Agosti

Jaribio la kupakia. Rafiki yangu Kipkosgei kaleta pikapu yake, tukaweka mbao za kupandia. Faida kagoma. Tukasukuma. Kagoma zaidi.

Nikakumbuka nilichosoma: ng'ombe huona karibu pande zote, lakini kina cha kitu kinamtatiza. Kivuli kwake kinaweza kuwa shimo. Mbao zilikuwa na kivuli. Dawa ni kumfunga macho. Nikatumia shati langu la kwaya.

Faida akatoka mbio kinyumenyume, akageuka, akapotea na shati. Tulimkuta kwa jirani, Mama Chesang, katikati ya sukuma wiki. Amesimama na Neema, ng'ombe wa Mama Chesang, wanalambana shingo kama hakuna lililotokea. Kipkosgei akacheka hadi akakaa chini. Akasema, "Hii ng'ombe iko na akili kukushinda, bana." Nilikuwa nafikiri.

Jioni simu ikanithibitishia. Ng'ombe huwa na rafiki! Akiwa na rafiki yake moyo hutulia, akitengwa naye huhangaika. Wataalamu wamepima. Faida haogopi pikapu. Anaogopa upweke.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimemwomba Mama Chesang aniazime Neema kwa siku moja, amsindikize Faida tu. Akaniuliza ni lini nimesikia ng'ombe akisindikizwa. Nikamweleza habari za mapigo ya moyo. Mwisho akasema sawa, kwa sababu ya Fridah, si kwa sababu ya simu yangu. "Lakini Jumamosi jioni awe hapa. Watoto wangu hawakunywangi strungi, chai bila maziwa."

Nikaapa. Kipkosgei aliuliza kama nimefikiria vizuri. Watu wasiosoma huwa na wasiwasi mwingi.

Jumamosi, 9 Agosti

Ushindi! Naandika nikiwa Bungoma, nyuma ya jiko la wakwe.

Asubuhi Neema alipanda pikapu bila kuvutwa, na Faida akamfuata kama wanaenda kanisani.

Mlima wa Kamukuywa, pikapu ikachemka. Nikamweleza Kipkosgei kwamba kipimo cha nguvu za farasi kilitungwa ili kuuza mashine, na kwamba farasi mmoja akijikaza anaweza kupita nguvu ya farasi mmoja mara nyingi. Akaniambia nishuke nisukume. Nikasukuma na suti yangu. Hapo ndipo lori la Ian likatupita likipiga honi. Ian alipunga kitambaa. Nilisukuma kwa hasira mpaka kileleni.

Tulipofika kwa Mzee Barasa nilidhani yamekwisha. Kumbe lori limesimama langoni. Ng'ombe wa Ian amelala ndani, hataki kushuka. Yuko peke yake, maskini, hana rafiki. Ian anavuta kamba, tai imehamia mgongoni. Nilimhurumia ng'ombe.

Tukafungua pikapu. Neema akashuka, akapita langoni kichwa juu, moja kwa moja hadi mbele ya wazee. Faida nyuma yake. Akina mama wakapiga vigelegele. Mzee Barasa akasimama na fimbo yake. "Tulisema moja, yeye ameleta mbili. Huyu ndiyo mkwe kwerikweri."

Nikafungua mdomo kueleza kwamba Neema ni msindikizaji. Lakini mzee mmoja alikuwa tayari anawakumbusha vijana: kinachoingia boma hili kwa miguu yake siku ya mahari hakitoki. Marehemu babu yangu aliniambia hivyo hivyo nikiwa mdogo. Nilijua. Ila nilidhani Neema atahesabiwa kama utingo.

Ian alikuwa ananitazama. Fridah alikuwa ananitazama pia, na hajawahi kunitazama hivyo tangu tujuane. Nikafunga mdomo.

Jumapili, 10 Agosti

Nimerudi Kitale. Mama Chesang yuko mlangoni na ndoo ya kukamulia. Nikamwambia Neema amechoka na safari, anapumzika. Akauliza tangu lini ng'ombe analala kwa wenyewe kama mgeni wa harusi. Nikampa maziwa ya pakiti. Akayageuza juu chini, akanirudishia. Ameiacha ndoo mlangoni kwangu. Inaniangalia.

Jumatatu, 11 Agosti

Fridah kapiga simu, anacheka kwa furaha. Baba yake amemfunga Neema karibu na nyumba na anamwonyesha kila anayepita. Akasema kumbe nilichelewa Aprili kwa sababu nilikuwa natafuta wa pili. Nilitaka kumwambia ukweli. Roho iliniuma kabisa. Nikasema, "Ndiyo."

Mama Chesang amekuja tena. Ameshajua. Kipkosgei hana siri. Ameniambia bila kupaza sauti kwamba Neema asipokuwa hapa kufikia Ijumaa, yeye na kaka zake watashuka Bungoma kumuuliza Mzee Barasa ng'ombe wao anafanya nini kule. Watoto walikuwa nyuma yake na vikombe vya strungi.

Mtu mwingine angekata tamaa. Mimi nimewasha simu.

Jumanne, 12 Agosti

Nimepata!

Tatizo si lango wala wazee. Tatizo ni kwamba Neema hatakubali kumwacha Faida. Anahitaji rafiki mpya wa kumtuliza njiani. Sasa, simu inasema farasi wa mashindano, wale wenye wasiwasi, huwekewa mbuzi zizini ili watulie. Mbuzi! Kinachomtuliza farasi kitashindwaje na ng'ombe?

Mbuzi nimempata kwa Pasta Kiptum. Mweupe, mpole, mnono. Pasta alimnunua kwa ajili ya mavuno ya kanisa. Nimemwahidi atamwona Alhamisi jioni bila kukosa.

Kipkosgei kauliza maswali madogo madogo kama kawaida yake. Mbuzi ataingiaje bomani? Nikamjibu kwa miguu yake, kwani abebwe? Akauliza Alhamisi kuna nini kwa Mzee Barasa. Nikamwambia ndiyo uzuri wenyewe: ng'ombe wa Ian hakushuka kabisa ile siku, kwa hiyo analeta mwingine, na wazee wote watakuwa wameketi kupokea mahari. Macho yatakuwa kwa Ian, nami namtoa Neema kimya kimya. Nani atamtazama mbuzi?

Kipkosgei kashika kichwa. Wivu.

Mbuzi atatangulia langoni ili Neema amwone mapema. Nimemfunga utepe mwekundu shingoni apendeze.