Karburateri Ifungwe, Vita Iishe

Goma, Ndosho, tarehe 9 mwezi wa pili 2013

Kwa Muzee Wenceslas, baba wa bwana yangu, Butembo
Kuhusu: ombi la kufunga karburateri moja kwa moja

Papa,

Mimi Kahindo, muke wa mutoto wako Honoré, mama ya Bénita na Fiston, ninakuja mbele yako kwa magoti, lakini magoti yenyewe yamechoka, kwa hiyo unipokee nikiwa nimekaa. Fiston ananyonya, ninaandika kwa mkono mmoja. Ukiona maandishi yanapanda mlima na kushuka, ni yeye.

Siku ya ndoa yetu ulitupatia kamioneti yako nyekundu, ile uliyobebea maharagwe kabla hata Honoré hajazaliwa. Watu walipiga vigelegele na mimi nikapiga, ijapokuwa bibi arusi hapigi. Sikujua kwamba chini ya kifuniko cha mbele kulikuwa na mukubwa mwingine wa nyumba. Sasa nimemjua. Ninaleta malalamiko yangu kwa mpangilio, kama masista walivyotufundisha.

1. Meza. Tuko na meza moja. Kila jumamosi karburateri ya gari inalala juu yake, imevuliwa kila kitu, vipande vimepangwa kama visamaki vya sambaza vya kuanikwa. Sisi tunakula bugali chini. Juzi mwalimu wa Bénita alimuuliza nyumbani mko wangapi. Akajibu: papa, mama, Fiston, mimi, na karburateri. Mwalimu akaandika watano.

2. Vitu vyangu. Sindano yangu ya kushonea inazibua jikleri, vile vijibomba vya shaba ambamo esansi, yale mafuta ya gari, inapita, vyenye tundu dogo kuliko jicho la kuku. Mswaki wangu unasugua kutu. Beseni ya kumuogeshea Fiston inaloweka vipande katika esansi, ndiyo maana mutoto ananukia kama gereji na hakuna mbu anayemsogelea, jambo ambalo kwa haki siliweki katika malalamiko. Lakini wiki iliyopita Fiston alishikwa na mafua. Honoré akamwinua kwenye mwangaza wa dirisha, akafunga jicho moja, akamchungulia puani kwa muda mrefu, kisha akasema kwa sauti ya daktari: "Ya kushoto ndiyo imeziba. Mama Bénita, nipe sindano." Nilimpokonya mutoto, Papa. Nikaificha na sindano.

3. Pumzi. Jikleri inapulizwa kwa mdomo. Mutoto wako anapuliza, anachungulia, anapuliza tena, macho ameyafumba kama mutu anayesali. Mimi siku niliyoingiwa na vumbi jichoni nilimkuta katikati ya kazi, akaniambia nisubiri. Nikaenda kupulizwa na jirani, Mama Valérie, mwenye kuuza sabuni na mishumaa mbele ya mlango wetu. Nikarudi ninaona vizuri, na nikaona kwamba bado anapuliza.

4. Sasa ninafika kwenye kidonda. Unajua huku kwetu vumbi ni jeusi, ni la mlima, linaingia kila fasi. Esansi nayo tunanunua kwa bidon za plastiki kando ya barabara, na ndani ya bidon kuna maji kidogo, mchanga kidogo, na mara moja tulikuta mende. Kwa hiyo Honoré anasema: gari ambalo halikusafishwa litatuacha njiani siku ya kukimbia. Maneno mazuri. Lakini mutoto wako anajuaje kwamba siku ya kukimbia imekaribia? Anasikiliza radio. Anapita Katindo, kwenye kambi, kuangalia kama wake wa maaskari wameanza kufunga magodoro. Wakifunga, anarudi mbio, anasema "Mama Bénita, tulitayarishe gari," na anaifungua karburateri.

Umeona, Papa? Anaifungua siku ile ile ambayo ilifaa iwe imefungwa.

Mwaka wa 2008, wakati askari walikimbia na mji mzima ukalala nje kwa hofu, gari letu lilikuwa limesimama uani, safi, limejaa esansi, na karburateri ikiwa kwenye meza. Mimi nilikuwa na mimba ya Bénita. Tulitembea kwa miguu. Mwezi wa kumi na moja uliopita, mabomu yalipoanza kulia upande wa Kibati, nilitoka jikoni na Fiston mgongoni, nikamkuta Honoré na turnevisi, bisibisi yake ya kulegezea visi, mkononi, mikono miwili myeusi, ananiambia: "Bado kidogo." Bado kidogo, Papa. Mji unaingiliwa.

Tuliomba chukudu ya jirani, ile ya mbao ya kusukumia mizigo. Nilitaka tupakie sufuria, unga na godoro. Tulipakia unga, Bénita, na beseni ya karburateri. Mutoto wako aliifunika kwa blanketi ya Fiston ili vumbi lisiingie. Njia yote ya kwenda Sake watu walituonea huruma. Mama mmoja mwenye mzigo mkubwa kuliko wangu alichungulia mgongo wangu, akachungulia beseni, akasema: "Pole sana, mama. Mapacha na vita." Sikuwa na nguvu ya kueleza. Akasema yule wa kwenye beseni ni mtulivu, ana tabia nzuri. Honoré akamshukuru. Jioni yule mama akatuazima mkeka wake kwa ajili ya mapacha. Karburateri ililala kwenye mkeka, mimi nililala kwenye majani.

5. Baada ya kurudi nilikaa nikafikiri, maana mwenye kunyonyesha ana muda wa kufikiri hata kama hana muda wa kunawa uso. Nimepekua akili yangu yote. Sikumbuki vita hata moja iliyokuja huku karburateri ikiwa imefungwa. Papa, si sisi tunaofungua karburateri kwa sababu ya vita. Ni vita inayokuja kwa sababu ya karburateri.

Na si mimi peke yangu niliyegundua. Honoré akitoka tu na beseni, Mama Valérie anaanza kukusanya sabuni zake. Akizikusanya, watu wa mtaa wa Mabanga wanasikia, na maharagwe yanapanda bei kabla visi vya kifuniko havijalegea. Mwezi uliopita muke wa kapiteni mmoja wa Katindo alituma mutu aje kuuliza kwa adabu kama imefunguliwa au imefungwa, maana alitaka kujua kama afue magodoro yake au asubiri. Nilimwambia imefungwa. Alifua. Hakukuwa na vita.

Sasa fikiri na mimi. Wakubwa wanapanda ndege kwenda kukaa katika hoteli za nchi za jirani, wanajadiliana, wanakula, wanaweka sahihi, wanarudi, na hakuna kinachobadilika. Kitabadilikaje? Visi viko hapa Ndosho, mezani kwangu, na turnevisi iko mfukoni mwa mutoto wako.

6. Kwa hiyo ombi langu ni hili. Umwamuru Honoré, kama baba, asifungue tena, na mutu mwingine yeyote wa nyumba hii asifungue. Halafu karburateri ije kwako Butembo na dereva Munyakazi, anayeleta barua hii na anayepita kuichukua saa hii. Ikae nawe kwa heshima ya uzee wake. Utaniuliza gari litatembeaje. Nimelitafakari na hilo. Karburateri isipokuwepo, haitafunguliwa. Isipofunguliwa, vita haitakuja. Vita isipokuja, hatutakimbia. Na tusipokimbia, gari la nini? Kuku wangu wanaweza kulalia viti vya nyuma. Cha mbele nitakitumia mimi mwenyewe, kukaa.

Papa, usidhani ninamchukia mutoto wako. Ile usiku kwenye majani nilimuuliza kwa nini alibeba vyuma akaacha sufuria. Akanijibu polepole ili asiamshe watoto: "Ile mara ya kwanza ulitembea na mimba. Leo umetembea na mutoto mgongoni. Mara ijayo, Kahindo, utakaa." Ni mutu mzuri. Mikono yake tu ndiyo haijui saa.

Ninafunga maneno haya nikikusalimu kwa mikono miwili, baada ya kumlaza Fiston. Msalimie Mama Ernestine, umwambie kitambaa alichotuma kilifika na hakijaguswa na esansi, nimelala juu yake. Wasalimie mashemeji, wa parokia, majirani wa juu na wa chini, na mutu yeyote anayekumbuka kamioneti hii ilipokuwa na tabia njema.

Mukamwana wako anayekuheshimu na asiyelegeza,

Kahindo

N.B. Papa, ngoja. Munyakazi amekwisha fika, anapiga honi, lakini lazima niongeze.

Asubuhi hii Honoré, ili kunifurahisha, aliifunga mwenyewe na kuirudisha garini. Akawasha. Ikawaka. Akaniangalia kama mutu aliyeleta ng'ombe, akachukua bidon akaenda ziwani kuteka maji. Nilitoka kuifungua ili nimpe Munyakazi, nikaona moshi mweusi bado umetanda uani na esansi inadondoka, to, to. Yule hakutikisa kiboya. Kile cha shaba kinachoelea ndani, kikipata tundu kinakunywa, kinazama, na esansi haijui tena kusimama. Miaka yote hii ninakula chini ya ile meza, jambo hilo hata Bénita analijua.

Niliifungua, nikakitikisa sikioni: chwa, chwa. Nikakizamisha katika maji moto ya termosi, mbali na makala yanayowaka. Vikatoka vipovu kwenye kona, vidogo vidogo, kama Fiston akiwa ndani ya beseni. Nimelipata tundu. Kiboya kinakauka juani. Vingine vyote viko juu ya meza, na madoa unayoyaona kwenye barua hii ni esansi, usiisome karibu na moto.

Kwa hiyo amri yako isifike kabla sijamaliza. Munyakazi haji kwako na kitu; akirudi huku ndipo aje na kitu: ile waya laini mafundi wa radio wanayoyeyusha, nizibie tundu, na karatasi nene ya kukatia pete ya kifuniko. Mama Valérie ameniona na beseni, ameanza kukusanya sabuni. Nimemwambia aziache, ni kiboya tu. Sindano nimeitoa nilipoificha.

Nimejaribu na kiti cha mbele. Mimi na Fiston mapajani, Bénita katikati, tunaenea. Hata sufuria inapata fasi.