Mikono ya Barafu Shingoni mwa Mama Mkwe

Jamani wa kundi, leo nimevuliwa nguo. Na nguo zenyewe nyingi nimezivua mwenyewe, kwa mikono yangu miwili, nikiwa na akili timamu.

Naandika upesi kabla Nafula hajaandika. (Ameshaanza. Namwona hapo jikoni, simu mkononi, mabega yanatikisika.) Nafula ni mke wangu, wengi wenu mnamjua. Asiwadanganye. Ukweli wote ni huu hapa.

Nyinyi mlioko nyumbani mnadhani Australia ni jua na ufuo tu. Njooni Sydney mwezi wa Julai! Theluji hakuna, sawa, lakini hizi nyumba zilijengwa na mtu aliyeamini kwamba baridi ni uvumi. Nje kuna baridi, ndani kuna baridi zaidi. Unaamka asubuhi unaona pumzi yako mwenyewe inaelea juu ya kitanda. Sisi hapa Parramatta, pembeni mwa Sydney, tuna fleti ya vyumba viwili na hita moja, ndogo, ya magurudumu, inayokaa sebuleni.

Na tuna mgeni. Mama mkwe wangu, mama mzazi wa Nafula, alikuja kutoka Bungoma mtoto wetu alipozaliwa, aje amsaidie binti yake kulea.

Kwa wasiojua mambo ya kwetu: mimi na mama mkwe hatukai chumba kimoja. Hatushikani mikono. Hatuli meza moja. Hatutazamani usoni. Si ugomvi, ni heshima. Kijijini ni rahisi, kuna uwanja, kuna jiko la nje, kuna mlango wa nyuma. Sasa katika fleti ya Parramatta mtakwepana wapi? Kwenye kabati?

Basi tukatengeneza utaratibu wetu. Nikitoka kazini napiga simu kutoka kule chini. "Niko hapa." Mama anaingia chumbani kwake, anafunga mlango. Mimi naingia, nambeba mtoto kidogo, nakaa karibu na hita, halafu moyo unaanza kunisuta. Mama wa watu anaganda huko ndani kwa sababu yangu! Nachukua sahani yangu ya ugali nashuka chini hadi garini. Nakula garini. Nasikiliza redio garini. Kumbe yeye naye, kwa heshima zake, hatoki chumbani hata nikishuka, asije akanigonga nikirudi. Kwa hiyo mimi naganda garini, yeye anaganda chumbani, na hita inaipasha moto sofa.

Wiki hii Mama akamwambia Nafula amtafutie ndege ya kurudi mapema. Jumamosi hii! Na tulikuwa tumepanga akae mpaka baridi iishe. Hakutoa sababu ya maana, alisema tu amewakumbuka ng'ombe wake. Nafula alilia sana. Mimi nikajua sababu ni mimi. Nimemchosha, au nimemkosea mahali, na siwezi hata kumuuliza. Utamuulizaje mtu ambaye huruhusiwi kumwangalia?

Haya. Tuje leo.

Mvua ilianza asubuhi. Nguo zangu zote za ndani za baridi zimetundikwa balkoni na zimegoma kukauka, kwa hiyo nikaazima taiti za Nafula nizivae chini ya suruali. Zile nyeusi zilikuwa chafu. Zikabaki za zambarau, zenye maua makubwa ya njano. Nikajiambia, nani ataziona? (Kumbukeni hilo swali.)

Kazini, kule katikati ya jiji ninakohudumia wazee, tukaachiwa mapema. Nikapanda treni. Simu ikazimika njiani, chaji kwisha. Kutoka stesheni hadi nyumbani nikanyeshewa hadi mfukoni. Nikafika mlangoni, nikakohoa kwa nguvu, maana ndiyo adabu. Kimya. Nikagonga. Kimya. Nikatoa ufunguo, nikafungua.

Mbele ya hita, kwenye sofa, mtu amekaa amenipa mgongo. Amevaa lile joho la blanketi la Nafula, la kijivu, lenye kofia, lile linalommeza mtu mpaka magotini. Kofia ameivuta juu. Vimiguu vya mtoto vinachungulia kifuani pake. Mlango wa chumba cha Mama umefungwa kama siku zote. Nikasema, Nafula wangu huyo, anamlaza mtoto.

Nikavua viatu. Nikavua soksi. Nikavua suruali, ilikuwa inachuruzika maji, nikaitupia begani. Nikanyata.

Lazima niwaeleze kwamba mimi na Nafula tuna mchezo wetu wa baridi. Nikitoka nje na mikono imekuwa barafu, naibandika shingoni mwake, ananitukana kwa Kibukusu, tunacheka. Basi nikaingiza mikono yote miwili ndani ya kofia. Nikaibandika shingoni. Nikaiacha hapo hapo, maana palikuwa na joto zuri!

"Yiii!" Sauti ndogo, ya kujibana.

"Shh, utamwamsha mtoto," nikanong'ona. (Mimi huyo! Ndiye ninayemnyamazisha!)

Hakunitukana. Nikadhani ni kwa ajili ya mtoto. Nikazunguka sofa mbio mbio, macho kwenye hita tu, nikasimama mbele yake, uso kwa hita na mgongo kwa sofa. Na nikisema mgongo, mjue ni pamoja na maua yote. Nikaianika suruali kwenye kiti. Nikanyoosha vidole kwenye moto. Nikaanza kuongea.

"Nafu, ongea na mama yako. Asiende."

Kimya.

"Mimi gari nimelizoea. Kiti cha nyuma ni kizuri tu." (Uongo. Mgongo umekwisha.) "Kama nimemkosea, mwombe msamaha kwa niaba yangu. Ni kweli anakoroma. Ukuta mzima unatetemeka, majirani watadhani tunasaga mahindi humu. Lakini Nafu, tangu aje, wewe unacheka jikoni. Nilikuwa nimesahau unavyocheka."

Nikageuza viganja kwenye moto.

"Na mimi mamangu hakumwona huyu mtoto. Alikufa akiniuliza tutazaa lini. Mtoto amebakiwa na bibi huyu mmoja tu. Angalau amwone akiota jino. Hata kama mimi hanipendi, akae tu."

Nikasikia mtu anavuta kamasi.

"Nafu, unalia?"

Nikageuka.

Kofia ilikuwa imeteleza. Chini yake kulikuwa na mvi. Na chini ya mvi, macho mawili yamejaa machozi, yananitazama. Halafu yakashuka. Yakafika kwenye maua.

Uwiii!

Mlango wa kwenda chumbani uko upande wake. Mlango wa balkoni ulikuwa karibu na mkono wangu. Sikufikiri. Nikauvuta, nikatoka, nikaufunga. Suruali yangu ikabaki ndani, kitini, mbele ya hita, inaota moto kwa raha zake.

Nikajificha katikati ya nguo mbichi. Mvua inanipata kwa ubavu. Kwenye balkoni ya ng'ambo yuko yule jirani mzee wa Kizungu na kikombe chake cha chai. Akaniangalia juu. Akaniangalia chini. Macho yakakaa sana huko chini.

"You right, mate?"

Nikamwambia niko sawa kabisa, nakagua tu kama nguo zimekauka. Nikashika soksi moja ili anione nikikagua. Maji yakanichuruzikia mpaka kwenye kiwiko. Yule mzee akatikisa kichwa, akaingia ndani, akavuta pazia. Mungu ambariki.

Nikiwa hapo nawaza kama nitaishi balkoni mpaka Jumamosi, nikasikia sauti kupitia kioo. Mama amenigeuzia mgongo. Lakini anaongea kwa sauti kubwa, na anaongea na mtoto.

"Mwambie baba yako," mtoto akaambiwa, "kwamba mama yako amekwenda dukani kununua nepi. Alipiga simu ya baba yako, haipatikani."

Mtoto akapiga kwikwi.

"Mwambie nilimsikia akikohoa. Ningekimbilia wapi na wewe umelala kifuani? Nikajifunika kofia nikajua atapita zake chumbani. Sikujua kama atanishika shingo!"

Mimi nikaziba uso kwa soksi.

Akampapasa mtoto mgongoni. Alipoendelea, sauti ilikuwa imeshuka, ikabidi nisogee karibu na kioo.

"Na umwambie hajanikosea kitu. Ninakwenda kwa sababu mwenye nyumba anakula garini kama mlinzi. Kila jioni nachungulia dirishani naona taa ya gari lake inawaka. Nasema, mimi ndiye nimemfukuza mtoto wa watu kwake. Ningekaaje hapa na roho ikatulia?"

Jamani. Nilisimama kwenye ile baridi na sikuisikia tena. Kumbe muda wote huo, mimi kule chini namhurumia yeye, na yeye huku juu ananihurumia mimi!

"Mwanangu," nikamwambia mtoto kupitia kioo, "mwambie bibi, baba alidhani anachukiwa."

"Mwambie baba yako aache upuzi aingie ndani. Atapata nimonia."

"Mwambie bibi, baba hana suruali."

"Mwambie baba yako, bibi ana macho."

Nikadhani yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha.

"Na umwambie," sauti ikapanda, "mimi sikoromi! Huwa nasali."

Hapo ndipo Nafula akafungua mlango. Akamwona mama yake kwenye sofa. Akaiona suruali kwenye kiti. Akaniona mimi nyuma ya kioo, ndani ya taiti zake, nimeshika soksi. Nepi zikamponyoka. Alikaa chini sakafuni, akacheka mpaka mtoto akaamka, akacheka mpaka mama yake akaanza kucheka, akinifichia uso ndani ya kofia.

Lakini Mama ni mtu wa mila. Akasema hili haliwezi kuachwa hivi hivi. Mjomba apigiwe. Mjomba wa Nafula yuko Bungoma, kule bado ni asubuhi, alikuwa anakunywa chai. Nafula akamweka kwenye spika, akaigemeza simu kwenye kioo ili nami mshtakiwa nisikie.

"Amemshika?" Mjomba akauliza.

"Shingoni, Mjomba."

"Kwa mkono mmoja?"

"Yote miwili."

Tukasikia kama mtu anakohoa mbali na simu, kwa muda mrefu. (Hakuwa anakohoa.) Akarudi na sauti nzito ya wazee.

"Kosa ni kubwa. Atoe blanketi, atoe kuku, wale chakula pamoja. Baada ya hapo waache kukimbiana, maana hakuna kilichobaki cha kukimbia."

"Blanketi Mama amelivaa," Nafula akasema. "Huyu ndiye aliyenipa pesa akaniambia nimnunulie Mama kitu kizito. Nikachukua linalofanana na langu."

(Hakuniambia kuwa yanafanana. Hilo tutaliongea mimi na yeye.)

Mama akalitazama lile joho. Akalishika ukingo wake, akalipapasa. "Kumbe ni yeye," akamwambia mtoto.

"Na kuku?" Mjomba akauliza.

"Yuko kwenye friza."

"Wa kienyeji?"

"Wa dukani, Mjomba. Hata kichwa hana."

Tukasikia chai ikinywewa huko Bungoma.

"Basi," akasema. "Kwa vile mko mbali."

Nafula akanipitishia suruali mlangoni. Ilikuwa kavu na ina moto wa hita. Katika maisha yangu sijawahi kuvaa kitu kitamu namna ile.

Tumekula kuku, sote, sebuleni, hita katikati. Nilitazama sahani yangu tu, na Mama alitazama yake, na Nafula alitutazama sote wawili kama anaangalia mpira. Tulipomaliza Mama akamwambia binti yake aachane na habari za ndege. Ng'ombe wana mchungaji, amesema, na yeye anataka kuliona hilo jino.

Sasa niko mwisho huu wa sofa, Mama yuko mwisho ule. Katikati kuna mtoto na mto mkubwa tuliouweka kama mpaka. Bado tunaoneana haya. Lakini kabla hajaegemea alisema kitu, na safari hii hakumtuma mtoto.

"Vutia hita kwako," akaniambia. "Mikono yako ni baridi sana."

Tangu nimwoe binti yake, hilo ndilo neno la kwanza kuniambia mimi mwenyewe. Nimevuta hita, na nimejifanya moshi wa kuku umeniingia machoni. (Kuku alichemshwa.)

Lile gari leo limebaki peke yake. Na sasa hivi ninapoandika, mama mkwe ameegemea pale, kofia usoni, na ameanza kusali. Ukuta unatetemeka.

Tafadhali msicheke. Mtamkatiza.