Manyoya ya Hezekia na Nafasi ya Mwisho Kwenye Kasia

Dobbs Landing, Arkansas
Jumatano, tarehe 12 Machi

Kwa Mwenyekiti,
Chama cha Wavuvi wa Besi,
Bwawa la Pruitt Fork.

Bwana Delmar Stroud,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti lako limepona tangu ulipoteleza gatini. Mimi pia ni mzima wa mwili. Moyo ndio haujatulia, na sababu ya kutotulia kwake ni mbwa.

Nimekuwa mwanachama kwa miaka thelathini na mmoja. Sijawahi kuchelewa mkutano hata mmoja, na ni mimi niliyeziandika upya kanuni zetu mwaka ule zilipoliwa na panya. Kwa hiyo naandika kama mtu anayezijua kanuni hizo kwa kichwa, wala si kama mgomvi.

Kanuni ya Nne inasema kwamba katika shindano la kufungua msimu, ambalo hufanyika Jumamosi ya tatu ya Machi, kila mwanachama atavua kwa jigi moja tu, aliyoifunga kwa mikono yake mwenyewe na kuiweka mezani kwa Mwenyekiti Alhamisi jioni. Ikinasa kwenye mwamba na kukatika, mwenye nayo hufunga boti yake na kwenda kunywa kahawa.

Wewe unajua jigi ni nini, lakini kumbukumbu hizi zitasomwa na wengine baada yetu, hivyo naeleza. Jigi ni ndoano yenye kichwa cha risasi, iliyovikwa sketi ya nyuzi ili samaki aidhanie kuwa ni kiumbe. Machi, maji yetu yakiwa bado baridi, nyuzi joto arobaini na nane za Farenhaiti, besi, samaki tunayemvua, huwa mvivu kama mwanafunzi wa darasa la nane saa nane mchana. Hafukuzi kitu. Hungoja kamba wa mtoni atambae mbele ya mdomo wake, tena polepole. Jigi nzito itaanguka kama tofali na kumtisha. Jigi nyepesi itachukuliwa na upepo kabla haijagusa changarawe. Nyeusi yenye buluu hufaa maji ya tope, kahawia hufaa maji safi, na bwawa letu mwezi huo huwa na rangi ya chai nyepesi, ambayo si tope wala si safi. Mtu anaweza kumaliza majira yote ya baridi akichagua jigi moja. Mimi nimeyamaliza thelathini na moja.

Mshindi huchongwa jina lake kwenye kasia linaloning'inia juu ya jokofu la minyoo katika duka la chambo. Kasia hilo lina majina thelathini na tisa. Kumi na mawili ni ya watu niliowafundisha sarufi, wewe ukiwemo. Langu halimo. Imebaki nafasi ya jina moja tu, chini kabisa, na baada ya Jumamosi hii kasia litawekwa kwenye kabati la kioo na jipya litaanzwa. Mimi sitaki kasia jipya. Nina umri wa miaka sabini na minne, na nataka lile.

Majina sita ya mwisho kwenye kasia hilo yote ni jina moja: Lavonne Hatcher, kinyozi wetu. Hapo ndipo malalamiko yangu yanapoanzia.

1. Mwaka jana, samaki walipokuwa wakipimwa, niliitazama jigi ya Bi. Lavonne kwa miwani yangu ya kusomea. Haikuwa na sketi ya mpira kama zetu. Ilivikwa nywele ngumu, za rangi ya kutu, zilizoingia mvi nchani. Hiyo ndiyo rangi hasa ya kamba wa mtoni anapochomoza matopeni baada ya baridi. Tena mpira hukakamaa katika maji baridi, ilhali nywele huendelea kutikisika kana kwamba zinapumua. Nilipomwuliza amezipata wapi, alicheka hadi akashika meza. "Mwalimu," alisema, "siku ukijua, utanihama." Cletus Boggs, ambaye hakuulizwa, akadakia: "Na wewe Mwalimu, hiyo nyeusi yako unaipeleka msibani?" Jibu la namna hiyo haliwezi kuingizwa kwenye kumbukumbu. Naomba iamriwe kwamba kila mwanachama atangaze hadharani chanzo cha nywele zake kabla jigi yake haijapokelewa.

2. Chanzo ninakijua. Ni Hezekia, mbwa wa Bi. Lavonne, ambaye hulala chini ya kiti cha kunyolea mwaka mzima. Rangi yake ni ya kutu na pua yake imeingia mvi. Mimi huenda pale kila Ijumaa ya pili kupunguzwa ndevu, na nimeona kwa macho yangu yafuatayo: nikishateremka kitini, Bi. Lavonne huchukua brashi ndogo, hufagia sakafu kwa uangalifu ambao sijauona hata kwa wauguzi, na kuyatia yaliyofagiliwa katika kopo la kahawa lenye kifuniko. Nilipomwuliza kwa nini hayatupi, alisema, "Hezekia ananyonyoka sana," bila kunitazama usoni. Mtu mwenye dhamiri safi hutazama usoni.

Sasa, duka la kinyozi linahudumia umma. Kinachoanguka kwenye sakafu ya umma ni cha umma. Naomba chama kitangaze kwamba chanzo chochote cha nywele zilizowahi kushinda shindano ni mali ya wanachama wote kwa usawa, bila kujali kinaishi kwa nani au kina maoni gani. Utaona kwamba nimeepuka kumtaja mbwa. Kanuni nzuri haitaji majina wala aina; mwakani anaweza kutokea mwenye paka, na hatutaki kukutana upya.

3. Mali ya wote isipogawanywa kwa utaratibu huleta vita. Naomba kila Alhamisi ya mwezi Machi chanzo kiketishwe juu ya meza ya mkutano, chini ya taa, na wanachama wapite mmoja mmoja kwa mujibu wa namba zao, kila mmoja akate kiasi cha ncha mbili za vidole. Mimi ni Namba Mbili, na Namba Moja ni marehemu. Chanzo kisishikwe kwa nguvu, isipokuwa kikikataa kutulia.

4. Kuanzia Januari hadi Aprili chanzo kisitoke nje ya wilaya hii, kisije kikanyolewa na watu wa Cutler Springs, ambao wana bwawa lao na hawana haya. Kilale mahali pasipo upendeleo. Ninajitolea nyumba yangu. Hezekia anaifahamu, na ana zulia lake karibu na jiko langu la kuni, ingawa hilo halihusiani na hoja.

5. Chanzo kisioshwe kwa sabuni yenye manukato. Besi wa Machi hali haraka, hunusa kwanza. Maji matupu yanatosha.

Ili nimtendee haki Bi. Lavonne, sina budi kuandika pia mema yake. Ni mwanamke mkarimu. Nilipotaja mwezi Novemba kwamba nafikiria kumjaribu kinyozi wa Cutler Springs, alishika mkono wangu na kuniambia, "Mwalimu, nakusihi, usiende huko. Na ndevu zako uziache zirefuke hadi Machi, nitakuwa nikipunguza ncha tu, kifua chako hakipendi baridi." Hata mafuta ya kulainisha alinipa, mazuri, yasiyo na harufu yoyote. Kwa hiyo simchukii hata kidogo. Ila siwezi kukubali kasia la chama lijazwe kwa mgongo wa mbwa mmoja huku sisi wengine tukihangaika na mpira.

Cletus anasema dawa ya mambo haya ni mimi kujifunza kuvua. Amenikabili kwa maneno hayo kwenye meza ya kahawa mara tatu wiki hii: "Jigi yako haina kosa, Mwalimu. Kosa linashika fimbo ya kuvulia." Naomba maneno hayo yaandikwe kwenye kumbukumbu ili aje kuyaonea aibu.

Ninatumaini barua hii itasomwa yote, kwa sauti, kesho mbele ya wanachama, na kwamba vifungu vyangu vitapigiwa kura bila kubadilishwa hata nukta.

Msalimie mkeo, na mama yako, umwambie bado nina sahani yake ya mkate wa mahindi. Wasalimie wote wa duka la chambo. Msalimie Bi. Lavonne. Mpe salamu za pekee Hezekia, ambaye katika jambo hili hana kosa lolote.

Wako katika utaratibu,

(sahihi) ................................

Orville Teague
Mwanachama Namba Mbili

Nyongeza. Jumapili, tarehe 16 Machi.

Bwana Mwenyekiti, umenirudishia barua hii kwa kuwa nilisahau kutia sahihi, na Kanuni ya Tisa, ambayo pia niliiandika mimi, inasema azimio halina nguvu hadi mleta hoja alitie sahihi. Sijawahi kusahau jambo kama hilo maishani mwangu, na ninamshukuru Mungu kwa kila tone la wino ambalo halikudondoka hapo juu.

Kama unavyokumbuka, Alhamisi uliisoma barua yote, na vifungu vyote vitano vikapita kwa kura kumi na nne bila hata moja ya kupinga. Nilishangaa kuona mkono wa Bi. Lavonne ukiwa wa kwanza kunyooka. Ndipo, kwa mujibu wa kifungu changu cha kwanza, ukamwuliza chanzo cha nywele zake. Alisimama, akafuta machozi ya kicheko, akasema: "Ndevu za Mwalimu. Hezekia wa watu nilimjaribu mara moja tu, miaka saba iliyopita. Manyoya yake yakiingia majini yanakuwa uji."

Kelele zilizofuata sitazieleza, kwa kuwa nyingine ulizipiga wewe. Cletus alikuwa tayari ameshika mkasi. "Panda mezani, chanzo," aliniambia, "na unyamaze. Maoni yako hatuyajali, tumeshapiga kura." Kama Bi. Lavonne asingesimama kati yetu na kutangaza kwamba atakayemgusa mteja wake atajinyoa mwenyewe hadi Krismasi, leo nisingekuwa na kidevu cha kuonyesha kanisani. Kisha akanigeukia. "Funga ya kwako, Mwalimu. Miaka sita umekuwa ukishinda, ila ulikuwa hujui." Ulinipa dakika kumi. Nilikata ndevu kiasi cha ncha mbili za vidole, nikafunga jigi palepale.

Jumamosi, saa nne asubuhi, penye ile ncha ya changarawe iliyochomoza bwawani, niliikokota jigi hiyo polepole kuliko nilivyowahi kukokota kitu chochote, na nikamvua besi wa ratili tano na aunsi mbili. Hakuna mkubwa kama huyo niliyewahi kumshika. Robo saa baadaye Bi. Lavonne akamvua wa ratili tano na aunsi nne. Nilishindwa, basi, na ndevu zangu mwenyewe, zilizokatwa Januari, wakati zilipokuwa na mvi chache.

Ulipomwuliza fundi achonge jina gani, Bi. Lavonne alisema, "Langu limo mara sita, hata mimi nimelichoka. Chonga la mwenye ndevu." Nilipinga, kwa kuwa kanuni inasema jina ni la mshindi. Mkapiga kura, na nikashindwa kumi na tatu kwa moja. Leo baada ya ibada nilipita dukani kuliangalia. Fundi ameacha nafasi ya kutosha baina ya herufi. Nimelisoma mara kadhaa na sikuona la kusahihisha.

Kwa hiyo naomba kifungu cha pili, cha tatu na cha nne vifutwe, pamoja na sababu zake zote, na ikiwezekana karatasi yenyewe ichomwe. Cletus ameshapita mbele ya baraza langu mara mbili tangu mchana, na mfukoni mwake kuna kitu kinachong'aa. Mahali pa sahihi pataendelea kuwa patupu.

Kifungu cha tano kinaweza kubaki. Tangu Alhamisi ninaosha kwa maji matupu.