Gari Bovu na Jora la Bluu

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Hali ya hatari nyumbani. Binti yetu anakuja Jumamosi kukaa nasi mpaka ajifungue. Daktari amemwambia apumzike kabisa, asinyanyue hata sufuria. Mumewe yuko safarini kikazi, hawezi kurudi kabla ya mwisho wa mwezi. Mjukuu wetu wa kwanza! Nilifurahi hadi nikasimama. Halafu mke wangu akasema binti atalala chumba cha nyuma. Nikakaa.

Chumba cha nyuma ndimo ilimo akiba yangu ya vitambaa. Mke wangu haiiti akiba. Anaiita "ule uchafu wako". Uchafu! Pamba safi, nimeipanga mwenyewe kwa rangi, kuanzia nyeupe ya maziwa hadi nyeusi ya masizi. Tangu nistaafu ofisi ya ramani nashona mablanketi ya viraka. Mshona viraka lazima awe na akiba. Huwezi kujua ni lini utahitaji kijani cha pilipili mbichi. Mke wangu akauliza nimemaliza mablanketi mangapi. Nikamjibu kuna moja liko karibu kuisha. Akasema liko karibu tangu nistaafu.

Kabla hajastaafu alikuwa msimamizi wa wodi ya wazazi. Hapaazi sauti. Anakutazama tu, nawe unajikuta umetandika kitanda. Ametoa masharti. Chumba kiwe kitupu kufikia Ijumaa, na nisinunue tena kitambaa cha aina yoyote. Nikala kiapo. Mkono juu, sauti nzito. Nadhani aliniamini.

Jumanne, tarehe 5

Nimejaribu kugawa. Mungu ni shahidi. Nilianza na kile kibaya kuliko vyote, cha kahawia chenye madoa ya rangi ya uji. Nikakiweka mlangoni. Nikakiangalia. Nikaona madoa yale yangefaa sana kuwa kokoto, endapo siku moja nitashona mto. Nikakirudisha.

Basi sigawi. Nahamisha.

Gari! Limeegeshwa uani na mke wangu hapendi kuendesha. Alipokwenda sokoni nikabeba marobota mbiombio, kijasho chembamba kikinitoka, kama mwizi anayejiibia mwenyewe. Buti, viti vya nyuma, chini ya viti, kiti cha mbele cha abiria. Nilishindilia hadi vioo vikazibwa. Nikafunika gari lote kwa turubai. Nikaoga. Nikakaa sebuleni na gazeti.

Akarudi, akataka nimpeleke kwa dada yake. Sikuwa nimelifikiria hilo! Nikasema gari bovu. Gia, nikasema. Gia imekufa. Akauliza imekufaje na gari limesimama tu. Nikasema ndivyo zinavyokufa, kimyakimya. Akanitazama. Mwishowe akachukua mwavuli wake akaenda kwa miguu, kwenye jua lile.

Jioni akafungua chumba cha nyuma akakikuta kitupu, kimefagiliwa. Akanishika bega akasema ahsante, mzee wangu. Wakati wa kula akaniwekea paja la kuku. Nililila kwa shida.

Jumatano, tarehe 6

Leo kikundi cha viraka, nyuma ya maktaba. Mimi ndiye mwanamume pekee. Aliyekaa mbele yangu, kama kawaida, Mama Pindo. Tumempa jina hilo kwa sababu mapindo yake yamenyooka utadhani yamepigwa rula. Kila mwezi huja na blanketi lililoisha. Ana makabati ya vitambaa ukuta mzima, na mumewe ndiye aliyemtengenezea. Kwa mapenzi! Simpendi.

Huku akikata uzi kwa meno, akatangaza kwamba lile duka la vitambaa karibu na posta linafungwa. Mwenye duka anahamia kwa watoto wake. Kesho ndiyo mwisho. Halafu, akinitazama mimi na si mwingine, akasema limebaki jora moja la bluu nzito lenye ndege weupe wadogo.

Blanketi la mjukuu wangu lina kingo, lina pembe, lina kila kitu. Halina katikati. Katikati yake ni bluu nzito yenye kitu cheupe kinachoruka. Nimekitafuta kitambaa hicho miezi na miezi.

Nikajifanya hamnazo. Nikasema ndege hawanivutii. Wakati huohuo nikajichoma sindano kidoleni hadi damu. Mama Pindo akanipa kitambaa cha kufutia, akatabasamu.

Kiapo? Nimekifikiria sana kiapo. Nilipoapa sikujua habari za jora. Mtu hawezi kuapia asichokijua.

Alhamisi, tarehe 7

Nikamwambia mke wangu naenda kumtafuta fundi wa gia. Nikafika dukani mlango ndio unafunguliwa. Mama Pindo yuko ndani! Ameingia kwa mlango wa nyuma, ni shoga wa mwenye duka. Mkono wake uko juu ya jora. Nikashika upande wa pili.

"Kaka, achia," akasema.

"Nimeliona kwanza mimi."

"Umeliona wapi? Si mimi niliyekuambia?"

Hoja nzito hiyo. Nikabadilisha mbinu. Nikamsogelea, nikamnong'oneza kama ndugu kwamba kitambaa hiki kinachuja rangi, nilikuwa na kipande chake kikageuza beseni zima la maji kuwa wino. Uongo mtupu. Mama Pindo akalowesha kidole ulimini, akasugua kitambaa, akanionyesha kidole. Kisafi. Mwenye duka akaacha kufungasha, akatutazama wote wawili, jora likiwa limenyooka katikati yetu kama kamba ya kuanikia nguo. Akauliza nani analitaka kwa kazi gani.

Mama Pindo akasema la kuweka tu.

Mimi nilikuwa nimeandaa uongo mwingine, mzuri zaidi. Lakini mdomo ukasema la mjukuu. Nikasema binti yangu aliwahi kupoteza mimba, na hii ya sasa sote tunatembea kwa ncha za vidole, hatusemi. Sauti ikanikatika. Sijui ilitoka wapi.

Mama Pindo akaachia. Akasema chukua, ila nataka kuliona blanketi hilo kwa macho yangu likiwa limeisha.

Kushinda namna hiyo ni kubaya kuliko kushindwa.

Sasa, kulipeleka nyumbani. Nikaingia nyuma ya duka, nikavua shati, nikajizungushia jora lote tumboni, nikavaa shati juu yake. Nimewahi kusikia watu wakisema wamejifunga kibwebwe. Mimi nimejifunga kweli. Nilitembea mikono ikiwa mbali na mbavu.

Nilinuia kulitia garini. Haikuwezekana! Mke wangu yuko uani, anaanika mashuka ya binti, hatua chache kutoka kwenye turubai. Akanikagua juu hadi chini. Akasema tumbo langu limevimba. Nikasema gesi. Akasema nilale chali kwenye kochi anipapase. Nikasema itapita yenyewe. Akasema lala. Nikalala. Vidole vyake vikafika kwenye kifungo cha kwanza, vikabonyeza. Nikafumba macho.

Simu ikalia. Binti yetu! Amepata gari la kumleta kesho badala ya keshokutwa. Mke wangu akaondoka kuandaa kitanda. Mimi nikakimbilia chooni nikajifungia.

Alipomaliza kitanda alirudi uani, na hajatoka huko tena. Ndani hamna pa kulificha, kwa hiyo jora bado liko mwilini ninapoandika haya. Linawasha.

Ijumaa, tarehe 8

Naandika nikiwa kwenye benchi la hospitali.

Binti alifika baada ya chakula cha mchana. Amechoka, miguu imevimba, lakini anacheka. Akanikumbatia. Tumbo kwa tumbo. Akatulia kidogo, akanigonga mbavuni kwa kidole, akaniuliza sikioni:

"Baba, hii pamba au polista?"

Nikamwambia pamba tupu. Akaangua kicheko. Huyu mtoto hajawahi kunichongea kwa mama yake, tangu akiwa mdogo.

Kicheko kikakatika. Akashika fremu ya mlango. Akaita "Mama", kwa sauti ndogo sana.

Mke wangu akatoka jikoni, akamwona, na palepale akarudi kuwa msimamizi wa wodi. Damu. Wiki tano kabla ya wakati. Akasema hospitali, sasa hivi. Gari lililomleta limeshaondoka. Nikapiga simu teksi ya kwanza, haipokelewi. Ya pili iko ng'ambo ya mji. Binti ameegemea ukuta, uso umekuwa wa kijivu. Mke wangu akasema, bila hata kunigeukia, laiti gari lingekuwa zima.

"Ni zima," nikasema.

Akageuka. Sijawahi kutazamwa vile, na naomba nisitazamwe tena. Lakini hapakuwa na muda wa kugombana. Nikang'oa turubai, nikafungua mlango wa nyuma. Akiba ikaporomoka ikaniangukia miguuni. Nikaanza kutupa. Marobota mekundu, ya manjano, ya kijani cha pilipili, yote nje, kwenye vumbi! Majirani wakatoka. Kinyozi wa jirani akaja na mteja wake, nusu ya kichwa imenyolewa, wakatupa nami. Kile cha kokoto nilikitupa kwa mikono miwili. Mke wangu akasema basi, hayo ya chini yaache, mlaze juu yake, ubavu wa kushoto.

Nikaendesha. Mkanda wa kiti haukufunga kwa sababu ya jora. Nyuma, mke wangu akiongea kwa utulivu: kata hapa, usipige breki kwa ghafla, mwanangu nitazame mimi. Binti hakuwa akijibu kila mara. Gia zilifanya kazi vizuri sana. Hakuna aliyelizungumzia hilo.

Wakamwingiza chumba cha upasuaji. Tukakaa kwenye benchi. Nikasubiri mke wangu anigombeze. Hakunigombeza. Alisema kitu kimoja tu, kwamba tungeweza kufika mapema zaidi. Kisha akaangalia mlango. Nami nikauangalia. Miaka yote ya ndoa sijawahi kukaa karibu naye nikamwona yuko mbali hivyo. Nilitaka kumshika mkono. Nikaogopa.

Mlango ukafunguliwa. Muuguzi akasema ni wa kike. Mdogo, lakini analia, na analia kwa nguvu. Mama yake ameshonwa, amelala, hajambo.

Nikalia koridoni kama mtoto. Muuguzi akaniona nilivyo, jasho, pumzi juujuu, tumbo kama ngoma. Akauliza kama nami naumwa.

"Huyo mwache," mke wangu akasema. "Amebeba jora."

Alijua! Tangu jana, pale kwenye kochi. Akasema amepapasa matumbo ya watu maisha yake yote, na hajawahi kukuta gesi yenye mishono. Halafu akacheka, halafu cheko likageuka kilio, na ndipo akanishika mkono yeye.

Jumapili, tarehe 10

Nimekula kiapo cha pili. Mbele ya kitanda cha binti, mbele ya mjukuu aliyelala kwenye kisanduku chake cha kioo, na mbele ya Mama Pindo, aliyeletwa na mke wangu kama shahidi. Wameshakuwa marafiki. Akiba yote imeokotwa uani na garini, imefuliwa, imepewa kikundi. Mama Pindo ameibeba kwa furaha isiyofichika. Nimeruhusiwa kubaki na jora la bluu mpaka blanketi liishe. Basi.

Sitanunua kitambaa tena. Nimeona kwa macho yangu tamaa ilivyotufikisha ukingoni. Mimi ni mtu mpya.

Jumatatu, tarehe 25 Machi

Binti na mjukuu wako nyumbani! Blanketi limeisha. Mama Pindo amelikagua pindo kwa pindo, akasema si baya. Nimepata utulivu wa kutafakari yaliyotokea, kwa akili, bila jazba.

Ukweli ni huu. Kama gari lisingekuwa na vitambaa, binti yangu angelala juu ya kiti kitupu chenye springi. Daktari nilimuuliza. Hakusema ndiyo, lakini hakukataa, aliondoka tu. Kwa hiyo kosa halikuwa vitambaa. Kosa lilikuwa mahali pa kuviweka.

Juzi nilitumwa nepi. Ng'ambo ya duka la dawa kuna hoteli kuukuu inayouza mapazia yake yote. Pamba nzito, maua mekundu, hakuna tena anayefuma kitu kama kile. Nikasimama pale barabarani, nikajihoji kwa ukali. Kiapo kilisema vitambaa. Pazia si kitambaa. Pazia ni pazia. Nikachukua yote.

Na safari hii sikuficha kitu! Nimeyatundika mchana kweupe, kila dirisha, moja juu ya jingine. Mke wangu amenisifu, anasema hatimaye nimeanza kuijali nyumba. Binti aliuliza kwa nini tunawasha taa adhuhuri. Nikamwambia kichanga anahitaji giza. Akanitazama, akauma midomo, akanyamaza. Mtoto mwema.

Tatizo dogo tu. Madirisha yameisha na mapazia bado yapo. Kesho nitamwona fundi mwashi, nimuulize ukuta wa sebule unaweza kubeba madirisha mangapi zaidi.