Mwenyekiti wa Hewa Safi

Jumatatu, 3 Juni
Halmashauri imefunga kipimo cha hewa kwenye nguzo mbele ya ofisi yangu. Kisanduku cheupe, kidogo kuliko mkate. Kinanusa moshi na vumbi, kinatuma namba makao makuu. Mtaa wenye hewa safi kuliko yote utawekewa lami. Lami! Mtaa wa pili nao wanacho chao. Mwenyekiti wao, tunayemwita Kipaza kwa kutofunga mdomo, keshaanza kutembea kama mwenye lami mfukoni. Ngoja. Uongozi ni akili, si koo.

Jumanne, 4 Juni
Namba zetu aibu tupu. Sababu naijua: jalala nyuma ya ofisi, taka zinachomwa kutwa. Mke wangu anakohoa. Akashauri tuache kuchoma. Nikamwambia siasa haijui. Kuzima jalala ni kugombana na mtaa mzima; kuhamisha kisanduku ni kung'oa misumari tu. Nimekificha chumba cha wageni, nyuma ya kabati. Dirisha limefungwa, sakafu imepigwa deki. Hewa ya peponi!

Jumatano, 5 Juni
Tunaongoza mji mzima! Nimepita dukani kwa Kipaza mara kadhaa bila haja ya kununua kitu. Akauliza siri yangu. Nikamjibu: usimamizi.
Jioni, balaa. Mama mkwe kaja bila taarifa, kapewa chumba cha wageni. Mbu wakamsumbua. Kawasha dawa ya mbu, ile iliyojiviringisha kama konokono, mlango kaufunga.
Chumba cha mama mkwe! Naingiaje?

Alhamisi, 6 Juni
Tumeshika mkia. Kipaza kanitumia salamu za pole. Nikamsihi mke wangu akakichukue. Akasema aliyekiingiza ndiye atakayekitoa. Nikasimama mlangoni, nikabisha hodi kwa kukohoa. Mama mkwe akajibu nikanywe maji ya moto.

Ijumaa, 7 Juni
Mtaalamu wa hewa kaja, dada mpole, ngazi begani. Kwa namba zile alidhani mtaa unateketea. Kakuta nguzo tupu. Nikasimulia habari za wezi, kwa uchungu, hadi machozi yakanilengalenga. Watu wakanihurumia. Mara mama mkwe akatokea, kisanduku mkononi.
“Baba,” akaniambia, “hii redio yenu mbovu. Tangu juzi naibonyeza, haisemi.”
Kipaza alikuwepo. Angekosaje?

Jumamosi, 8 Juni
Mkutano wa mtaa. Kisanduku kimerudi nguzoni. Mtaalamu akatuonyesha: moshi wa jalala haupishani sana na wa chumba cha mama mkwe. Fundi cherehani akasimama, akasema mwanawe ana pumu, hulala amekaa. Nikatazama viatu vyangu. Wakakubaliana: kuchoma mwisho, halmashauri ilete gari la taka. Ulinzi wa kisanduku wakampa mama mkwe, ambaye hata si mkazi!
Jioni moshi hakuna. Mke wangu hajakohoa. Nimetangaza kwamba huo ndio uliokuwa mpango wangu tangu mwanzo.

Jumapili, 9 Juni
Habari motomoto. Mwezi ujao halmashauri inaleta kisanduku cha kupima kelele! Kipaza, kwa mdomo ule, hana lake. Kwetu shida ni mashine ya kusaga tu, na nimeshaipatia dawa. Nimekwenda kwa fundi magodoro, nikaagiza godoro dogo, la kukizunguka kisanduku vizuri. Akauliza kama ni la mtoto.
Nikamwambia ni la maendeleo.